Pigo la Kumi la Mama Maabara

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani. Sikuwahi kumuuliza, kwa sababu mtu unayemwonea wivu humuulizi habari zake, unazipeleleza. Na mimi kwa miaka sita niliyofanya naye kazi nilipeleleza mengi: anaingia saa ngapi, anakunywa chai na nani, nani kamfuata stoo na katoka na nini mkononi. Shule nzima ilimwita Mama Maabara, kuanzia mkuu wa shule hadi yule dada aliyeuza mihogo ya kukaanga getini. Katika orodha ya watumishi alikuwa mhudumu wa maabara, jina lake likiwa karibu na mwisho, juu ya mlinzi. Langu lilikuwa juu kabisa kwenye idara ya sayansi. Shahada ya sayansi na elimu, fizikia na hesabu. Nilikuwa nimetoka Njombe na sweta mbili ambazo Mtwara sikupata siku hata moja ya kuzivaa.

Nitamsimulia kama ninavyomkumbuka, na nakiri mapema kwamba simkumbuki kwa haki. Wivu una kumbukumbu kali lakini unachagua.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na ushungi wake haukuwahi kukosa kitu kilichochomekwa pindoni. Mafundi cherehani huchomeka sindano. Yeye alichomeka rezista, vile vijidude vya kupunguza umeme. Akihitaji moja alipeleka vidole shingoni bila kutazama, akaichomoa, akasoma mistari ya rangi kwa mbali, akaitia kwenye saketi. Niliwahi kumwona msibani, Magomeni hii hii ya Mtwara, amekaa na kina mama wenzake anatikisa kichwa kwa huzuni, na rezista tatu zinametameta kwenye ushungi. Hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Elimu ya darasani alikuwa nayo ya msingi tu. Umeme aliuokota. Alianza pale shuleni kwa kufagia maabara, na kila alichoambiwa akatupe alikitazama kwanza. Mwalimu aliyekuwepo kabla yangu alimwonyesha kushika pasi ya kulehemu, na nasikia baada ya mwaka mmoja ni yeye aliyekuwa anamwonyesha mwalimu. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi bandarini, kwenye godauni la korosho, akihesabu magunia mlangoni. Hilo silijui kwa kupeleleza. Alilisema mwenyewe kila alipofundisha, na alifundisha kila siku, ingawa hakuajiriwa kufundisha.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Saketi ya kwanza ya saa anayofundishwa mwanafunzi ni ile inayopiga: kitaa kinawaka, kinazima, kinawaka tena. Kila kuwaka ni pigo moja. Ukitaka pigo lichelewe, kitabu cha kuanzia kitakwambia uweke kapasita kubwa. Kapasita ni kama pipa, nalo pipa likiwa kubwa huchukua muda kujaa. Maelezo ni mazuri na mahesabu yake ni matamu, nami niliyapenda. Tatizo ni kwamba kwetu pipa linavuja. Kuna joto, kuna unyevu wa bahari, na kapasita zenyewe tunazinunua sokoni Chikongola kwa mafundi wanaozing'oa kwenye redio zilizokufa. Unataka dakika tano unapata nne, na kesho yake unapata saba.

Mama Maabara hakuhangaika na pipa kubwa. Alitumia kapasita ndogo, inayopiga upesi na bila kubabaika, kisha mbele yake akaweka chipu ya kuhesabia. Chipu ile ina miguu kumi ya kutolea. Pigo moja linawasha mguu mmoja, linalofuata linauzima na kuwasha wa jirani, hivyo hivyo hadi wa kumi. Ukifunga kengele kwenye mguu wa mwisho, kati ya mapigo kumi italia kwa moja tu. Ukipanga chipu mbili, ni moja kati ya mia. Chipu tatu, moja kati ya elfu. Hakuna kilichopunguza mwendo, na bado umesubiri.

"Mimi nipo mlangoni pa godauni," ndivyo alivyowaelezea wanafunzi. "Mbebaji anapita na gunia lake, anakimbia, hachelewi. Mwingine anapita. Mimi nahesabu. Gari haliondoki mpaka niseme kumi. Sasa nani kalichelewesha gari? Mbebaji? Wala. Hesabu ndiyo imelichelewesha."

Siku ya kwanza kumwona akifundisha hivyo, mimi nilikuwa darasani naandika ubaoni mlinganyo wa kujaa kwa kapasita. Nje, juani, alikuwa amepanga wanafunzi kumi mstari mmoja. Akipiga kofi, wa kwanza ananyanyua mkono. Kofi la pili, wa kwanza anashusha, wa pili ananyanyua. Kofi lilipofika la kumi, wa mwisho aligonga kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye nguzo. Kisha akawapanga kumi wengine nyuma yao, akawaambia nyinyi hamsikilizi kofi langu, nyinyi mnasikiliza chuma. Walicheka, walikosea, wakarudia, na ndani ya robo saa watoto ishirini walikuwa wamefahamu jambo ambalo mimi nilipangiwa vipindi vinne kulifundisha. Wa kwangu arobaini wote walikuwa wanatazama nje. Nikaenda nikafunga madirisha. Mtwara, mwezi wa pili, nilifunga madirisha.

Ule ulikuwa wivu, na nilijua jina lake tangu siku ile. Kuna watu wanauita kujali taaluma, na mimi pia nimeuita hivyo kwenye vikao.

Alikuwa na kauntabuku lake lenye jalada lililofunikwa kwa gazeti, ameandika humo kila chipu aliyowahi kuishika. Chipu kwake zilikuwa watu. Zilikula, zililala, zilikasirika. Kuhusu ile ya kuhesabia aliandika: "Mguu wa 16 anakula. Mguu wa 8 ananyea. Mguu wa 14 ndiyo mlangoni, mapigo yanapita hapa." Siku moja alilisahau mezani, nikachukua kalamu nyekundu nikakata, nikaandika pembeni: chanya, hasi, ingizo. Nilifanya hivyo kwa mwandiko mzuri kabisa. Aliporudi akatazama, akasema, "Ahsante, Mwalimu, sikujua kwamba kuna namna ya heshima ya kusema," na akaendelea kusema kwa namna yake. Katika mtihani wa muhula ule wanafunzi kumi na saba waliandika kwamba mguu wa nane unanyea. Niliwakosesha wote kumi na saba, hali nikijua kwamba walikuwa wamepata, na kwamba wale waliokariri hasi na chanya zangu nusu yao walikuwa wamezigeuza.

Halafu ikaja kengele.

Shule yetu ilikuwa na kengele ya kugonga, na mgongaji alikuwa wa zamu, na zamu zina uvivu wake. Mwaka wangu wa pili nikajitolea kutengeneza kengele ya umeme ya kulia kila dakika arobaini. Nilitaka kitu kitakachotajwa kwa jina langu. Nikafanya mahesabu kurasa mbili, nikanunua kapasita kubwa kuliko zote zilizokuwepo sokoni, nikaifunga juu ya mlango wa ofisi ya walimu. Wiki ya kwanza ilikuwa asubuhi inawahi na mchana inachelewa. Wiki ya pili kipindi cha mwisho kiligoma kwisha, na watoto wa watu wakakaa darasani wanasinzia na njaa hadi mwalimu wa dini akaja kuniuliza kwa upole kama Adhuhuri yao nayo nimeihamisha.

Mkuu wa shule hakunilaumu. Alimwita tu Mama Maabara aje atazame, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipanda kwenye meza, akaifungua, akatikisa kichwa.

"Umempa ntu mmoja magunia elfu abebe peke yake, Mwalimu," alisema. Ndivyo walivyotamka watu wa kwao, ntu, nkono. "Lazima ataanguka njiani."

Alichukua siku mbili. Kapasita ndogo, pigo moja kila sekunde mbili na ushee, chipu tatu za kuhesabia zimeunganishwa foleni. Mapigo elfu, dakika arobaini. Kengele ile inalia mpaka leo, na sijasikia ikikosea kwa kiasi cha mtu kugombana nayo.

Paredi ya Jumatatu mkuu wa shule akatangaza, "Mwalimu wetu wa fizikia na Mama Maabara wametutengenezea kengele." Makofi. Mimi nilisimama pale nikiliwaza lile neno dogo "na". Baadaye nikamsikia mwenyewe akiwaambia wapishi, "Kengele ni ya Mwalimu, mimi nimerekebisha kidogo." Ningefurahi kama angejisifu. Mtu akijisifu anakupa cha kumshikia. Yeye hakunipa kitu, na nilimchukia kwa hilo wiki nzima, huku nikimwamkia kila asubuhi shikamoo kama kawaida.

Nisije nikamfanya malaika, maana hakuwa. Yule mwanamke aliyefundisha watu kusubiri hakuweza kusubiri chochote. Wali wake ulikuwa na kiini kwa sababu alipakua kabla haujaiva. Foleni ya hospitali ilimshinda, alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Kwenye kikao akiona mjadala unazunguka alinyanyuka na kusema ana chombo jikoni, na sote tulijua maabara haina jiko. Alikuwa mkali kwa wenye mikono michafu, lakini kikombe chake cha chai kilikaa juu ya meza ile ile ya kulehemu. Alimkemea mwanafunzi anayeimba maabara, kisha akaimba yeye. Na alikuwa bahili wa nyaya. Angekufukuza ukumbi mzima kwa inchi tano za waya, halafu mwisho wa muhula akagawa boksi zima kwa wanafunzi wanaokwenda likizo Nanguruwe na Mahurunga, wakacheze.

Ningeweza kuishi na hayo yote kama wanafunzi wangekuja kwangu walau mara moja moja. Hawakuja. Walikuja kwangu kusahihishiwa na wakaenda kwake kuelewa. Nilikuwa nawaona wakipita mlango wa ofisi yangu na saketi mkononi, wananiamkia kwa adabu, hawasimami. Kuna binti mmoja, mwerevu kuliko wote niliowahi kufundisha, nilimwita nikamuuliza kwa nini hakuniletea mimi swali lake. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ukituelezea tunaona umejua. Mama Maabara akituelezea tunaona tumejua sisi." Hakusema kwa jeuri. Nikamruhusu aende.

Jioni ile nikaandika barua kwa mwalimu wa taaluma. Niliandika kwamba si utaratibu mhudumu kufundisha, kwamba kuna suala la usalama, kwamba endapo mtoto ataungua nani atawajibika. Kila nilichoandika kilikuwa kweli na barua nzima ilikuwa uongo. Akakatazwa. Alipoambiwa alisema haya, akarudi stoo kupanga chupa zake.

Kuanzia hapo wanafunzi wakawa wanarudisha vifaa. Hawakuwa wanaenda kwa Mama Maabara kufundishwa, hapana, walikuwa wanarudisha vifaa tu. Kijiti kimoja cha kioo kilirudishwa stoo mara nne kwa siku moja. Kila anayerudisha alikaa dakika ishirini mlangoni, na sikuwa na barua ya kuandika kuhusu watoto waaminifu wanaorudisha mali ya shule.

Sasa nifikie kijitabu, maana hicho ndicho kilichonifanya nimkumbuke kwa namna hii.

Ofisi ya elimu ilitaka kijitabu cha mazoezi ya saketi kwa wanaoanza, kigawiwe kwanza shule chache za sekondari, na ikaniomba mimi nikiandike. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kupata ajira. Nilimpigia mama yangu Njombe nikamwambia ataona jina la mwanawe limechapwa. Mazoezi kumi na mawili. Mengi niliyatoa kwenye vitabu, lakini zoezi la tisa, kuchelewesha pigo kwa chipu ya kuhesabia, lilipaswa kuwa moyo wa kijitabu chote, na hilo sikuwa nalo kitabuni kwa namna ya kumfaa mtoto wa kwetu. Lilikuwa stoo, juu ya kipande cha ubao wenye matundu, limelehemewa na Mama Maabara.

"Mama, naomba ule ubao wako niutazame kidogo," nilimwambia.

"Chukua, Mwalimu."

"Ni kwa ajili ya kijitabu."

"Chukua tu. Ukimaliza urudishe, nauzoea kuuona."

Nikaupiga picha juu na chini, nikafuata waya mmoja mmoja, nikachora. Nikaweka hata ile habari ya godauni na magunia, nikaisafisha, nikaifanya iwe yangu. Ukafika ukurasa wa shukrani. Mara ya kwanza niliandika jina lake kamili, nikafuta. Mara ya pili nikaandika "mhudumu mmoja wa maabara", nikaona hata huyo mmoja ni mwingi, nikafuta. Nikaishukuru familia yangu na Mwenyezi Mungu.

Alistaafu mwezi wa sita, kijitabu kikiwa bado kiwandani kinachapwa. Tulimfanyia chai ya kumuaga, akala mandazi mawili, akafunga ubao wake kwenye kanga, akaniambia, "Kikitoka uniletee nikione." Nikasema bila shaka. Kilitoka mwezi wa nane. Sikumpelekea.

Mwezi wa tisa nilifika zoezi la tisa na darasa langu, kijitabu changu kikiwa wazi kwenye kila meza. Niliwapa vifaa, nikawaacha wafuate mchoro wangu. Hakuna kundi hata moja lililofanikiwa. Chipu zilihesabu tatu zikarudi moja. Zilihesabu saba zikarudi moja. Mwanafunzi akipeleka mkono karibu, hesabu inavurugika bila kuguswa, na mmoja akaanza kuipungia mkono kama anamuaga mtu, darasa zima likacheka. Niliwalaumu kulehemu kwao. Nikaijenga mwenyewe baada ya vipindi, nikapata hali ile ile. Nilirudia mahesabu yote ya mapigo, maana huko ndiko nilikokuwa hodari, na mahesabu yalikuwa sawa. Ukitafuta kosa mahali unapojua zaidi utazunguka hapo hapo.

Simu zikaanza. Mwalimu wa Nanyamba aliandika ujumbe: zoezi la tisa halikubali. Sikujibu. Kisha ofisi ya elimu ikanijulisha kwamba wanachapa toleo la mkoa mzima, kama kuna marekebisho nipeleke kabla ya Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Kama kosa lingebaki, shule za mkoa mzima zingejua kwamba mwandishi hajui anachoandika. Na wa kunisaidia alikuwa mmoja tu.

Jumamosi asubuhi nikachukua bodaboda hadi upande wa Kilambo, kijiji anachoishi, si mbali na kivuko cha Ruvuma. Sikuwa nakwenda kuungama. Nilipanga kumsalimia, kuuona ubao kidogo, kuiba kwa macho kile nilichokosa, na kurudi kabla ya Magharibi.

Nilimkuta uani, amekaa mkekani ananyofoa korosho kwenye mabibo, mikono imelowa hadi viwikoni. Ushungini hamkuwa na rezista.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu wangu huyo. Karibu mkekani, viti vimekwenda msibani."

Nilikaa. Aliniletea mihogo ya kuchemsha na samaki mkavu, akauliza habari za kengele, za wapishi, za mkuu wa shule. Nilijibu, nikala, nikatafuta mahali pa kuingilia. Mwishowe nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye jambo limemjia sasa hivi tu, "Na ule ubao wako bado upo? Ningependa kuutazama, kwa kumbukumbu tu."

"Upo."

Akanawa, akaingia ndani. Alirudi na ubao mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika kijitabu changu.

Kilikuwa kimechakaa kuliko nakala yoyote niliyowahi kuiona. Akakifungua kwenye zoezi la tisa bila kutafuta ukurasa. Kwenye mchoro, mtu alikuwa ameongeza mstari kwa penseli.

"Umeuacha waya wa mguu wa kumi na tano," alisema. "Huo ndio unaorudisha hesabu mwanzo. Usipoutuliza chini, kwa wa nane anayenyea, unabaki hewani, na ukiwa hewani anasikia kila kitu. Nkono ukipita tu, anashtuka, anaanza upya."

"Kwenye ubao wako haukuwepo. Nilifuata waya wote, juu na chini."

Akachukua kisu chake cha korosho, akaiinua chipu taratibu kutoka kwenye soketi, kikalio chake cha plastiki. Chini ya tumbo la chipu, ndani ya soketi, kulikuwa na waya mwembamba umelala.

"Nilimficha huku," alisema. "Wanafunzi wako wakikosa waya wanakuja kunyofoa kwenye ubao wangu. Huyu wakimnyofoa kila kitu kinaharibika. Nikamtia mahali nkono haufiki."

Nilielewa upuuzi wangu wote papo hapo. Nilikuwa nimeujaribu ubao wake, ukafanya kazi vizuri, nikachora. Mchoro wangu mwenyewe sikuujaribu hata siku moja. Na mguu wa kumi na tano sikuuchora kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua.

"Kijitabu kakuletea nani?"

"Mwalimu wa Nanyamba, alikuja na pikipiki kama wewe. Wa Newala alipiga simu. Tandahimba wawili."

"Walijuaje kuja kwako?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jina la mtaa ninaoishi. "Wengine nimewafundisha mimi, Mwalimu. Wengine wanafundisha na niliowafundisha. Wakisoma habari za magunia ya godauni wanajua ni nani."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia kosa langu. Nilikupa ubao, sikukwambia kuna waya chini. Ntu atajuaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kushukuru. Mtu alikuwa amenisitiri kwa walimu wa wilaya tatu, bila kuombwa, na toleo la mkoa lingerekebishwa na hakuna ambaye angenicheka. Badala yake nikasikia ule wivu wa zamani unapanda kifuani, mkali kuliko siku ya madirisha. Mchoro ulikuwa wake. Magunia yalikuwa yake. Mapigo, foleni ya chipu, hata ule utani kwamba gari linasubiri hesabu, vyote vyake. Katika zoezi lote la tisa kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokibuni mimi mwenyewe, nacho ni kosa. Na hilo nalo amelichukua.

"Mama, kosa si lako," nilisema. "Ni langu."

"Si neno, Mwalimu."

"Ni neno. Ubao ulikuwa sawa. Mimi nilichora bila kujaribu, nikaandika jina langu, la kwako nikalifuta. Mara mbili nilikutaja, mara mbili nikakufuta. Na ile barua ya kukukataza kufundisha niliiandika mimi."

"Barua niliijua. Ina mwandiko mzuri." Alirudisha chipu mahali pake, akaibana kwa kidole gumba. "Sasa mpaka kosa unalitaka?"

"Nalitaka."

Akacheka, cheko la chini la mtu aliyechoka kidogo. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Simu yake ikaita juu ya mkeka, katikati ya korosho. Akaitazama.

"Huyu wa Masasi, aliahidi kupiga leo. Anauliza hilo hilo zoezi la tisa, kasikia kwa wenzake kuna waya." Akanisogezea kwa kiwiko, mikono yake ikiwa imerudi kwenye mabibo. "Basi pokea wewe, kama unalitaka."

Nikapokea. Sauti ya mwanamke kijana ikaniamkia, akidhani mimi ni mtu wa pale nyumbani. Nikajitambulisha kwa jina langu lote, kama lilivyochapwa juu ya jalada. Nikamwambia mimi ndiye mwandishi wa kijitabu. Nikamwambia kosa la zoezi la tisa ni langu peke yangu, kwamba saketi ile haikuwa yangu tangu mwanzo, ni ya Mama Maabara, na kwamba Jumatatu napeleka marekebisho na jina lake litakuwa la kwanza. Nilisema polepole, nikimtazama mwenye simu, ambaye hakuinua kichwa.



"Hilo la kwamba ni ya kwake tunajua, Mwalimu," alisema yule wa Masasi, kwa heshima kabisa. "Mimi nilikuwa naulizia ule waya tu, unaanzia mguu wa ngapi."

"Kumi na tano," nikamwambia. "Unakwenda wa nane."